Foklifti ya gesi, ya dizeli au ya betri: ipi iingie ghalani kwako?

Mtu hunipigia simu akiwa tayari ana hela mkononi. "Fundi, nimepata foklifti ya gesi, mtumba wa Japani, bei imekaa vizuri. Nilipie?" Nami humrudishia maswali matatu: inakwenda kufanya kazi mahali gani, saa ngapi kwa siku, na mtungi ukiisha saa nane usiku nani atakuletea mwingine? Kwenye swali la tatu wengi huwa kimya kidogo.

Tuondoe kwanza jambo lisilotofautisha. Kunyanyua ni kule kule. Foklifti ya tani mbili na nusu, iwe ya gesi, dizeli au betri, hunyanyua kwa pampu inayosukuma oili ya haidroliki kwenye silinda za mlingoti, na kibao cha maelezo kilichobandikwa kwenye mashine mara nyingi kitakuambia kwamba uzito huo umehesabiwa kitovu cha mzigo kikiwa milimita 500 kutoka mgongo wa uma. Kinachobadilika ni kile kinachoizungusha hiyo pampu, na kile kinachobaki hewani baada ya kazi.

Na kabla hujaamini maneno ya dalali, kisome hicho kibao. Mashine nyingi za Kijapani huandikwa FD kwa dizeli, FG kwa petroli au gesi, FB kwa betri. Toyota 8FG25, kwa mfano, ni ya petroli au gesi, tani 2.5. Za Kichina mara nyingi utakuta CPCD kwa dizeli, CPD kwa betri, na CPYD au CPQYD kwa gesi peke yake au gesi na petroli. Nimeona mtu akiuziwa ya petroli kwa jina la gesi kwa sababu tu ilikuwa na sehemu ya kulaza mtungi.

Vipimo vya kutumia

Mimi hupima mambo matano, kwa mpangilio huu. Hewa ya mahali pa kazi, kwa sababu hiyo hainunuliki baadaye. Saa za kazi na namna ya kujaza. Gharama ya saa moja ya kazi, ambayo ni tofauti kabisa na bei ya kununulia. Matengenezo, pamoja na swali la nani anayaweza mjini kwako. Mwisho hatari, maana kila moja kati ya hizi tatu ina namna yake ya kuumiza mtu. Bei ya kununulia nimeiacha nje makusudi. Inabadilika kwa umri wa mashine na kwa ujanja wa muuzaji, tena huwa inawapofusha watu wasione hayo matano.

Foklifti ya gesi

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa ndiyo watu wanaijua kwa uchache.

Gesi yenyewe ni ile ile ya jikoni, LPG: propani, butani au mchanganyiko wa hizo mbili, iliyogandamizwa hadi ikawa kimiminika ndani ya mtungi. Usiichanganye na gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, ile inayotembeza bajaji na teksi za Dar es Salaam. Hiyo ni methani. Hukaa kwenye mitungi minene kwa presha ya bar 200 hivi na bado ni hewa, haijawa maji. Propani tupu kwenye joto la nyuzi 30 ina presha ya karibu bar 10 tu. Kuna mteja aliyetaka kuipeleka foklifti yake ya LPG kwenye kituo cha CNG, yaani cha hiyo gesi asilia, ikajazwe. Nilimwambia airudishe kazini kwake taratibu.

Mtungi wa foklifti hulazwa nyuma, juu ya chuma kizito cha kusawazisha mzigo, na hapo ndipo unapoachana na ndugu yake wa jikoni. Wa jikoni husimama wima na kutoa mvuke uliokusanyika juu. Wa foklifti una bomba ndani lililopindishwa hadi chini, nalo hufyonza kimiminika. Ndiyo maana shingoni una tundu linalotakiwa kuingia kwenye pini ya pale unapolazwa. Tundu likikosa pini, mtungi umekaa vibaya: bomba linabaki juu kwenye mvuke, injini inakohoa mzigo ukiwa hewani, na baya zaidi, valvu ya usalama inazama kwenye kimiminika. Presha ikipanda juani itatema kimiminika badala ya mvuke, na lita moja ya kimiminika ikitoka nje huwa lita 270 hivi za gesi.

Kutoka mtungini kimiminika hupita kwenye hozi, kisha filta, kisha valvu inayofunguka injini ikiwa inazunguka na kujifunga yenyewe injini ikizima. Halafu huingia kwenye regyuleta, kipunguza presha, ambayo pia ndiyo inayokigeuza kuwa mvuke. Maji ya moto ya rejeta huzungushwa ndani yake kwa sababu maalumu: kimiminika kinapogeuka mvuke hunyang'anya joto kila kinachokigusa. Bila maji hayo regyuleta huvaa barafu nyeupe, hata uwe Tanga mchana wa Januari. Ukiiona barafu hiyo, angalia kwanza maji ya rejeta kabla hujagusa spana. Mvuke ukishapunguzwa presha huchanganywa na hewa kwenye mixa, unaingia kwenye silinda, plagi inawasha. Kuanzia hapo ni injini ya petroli ya kawaida. Toyota 4Y na Nissan K21 au K25, ambazo utazikuta kwenye foklifti nyingi za Kijapani na za Kichina, ni za aina hiyo, na baadhi zina swichi ya kuhama kutoka gesi kwenda petroli.

Hewa. Haina masizi, haina ile harufu ya dizeli inayoshika kwenye nguo. Kwa ghala la chai la Shimanzi, Mombasa, hilo ni jambo kubwa, maana chai hunyonya harufu ya jirani yake kama sponji. Lakini usidanganyike na moshi usioonekana. Injini ya gesi isiyopimwa vizuri hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Niliwahi kuitwa kwenye ghala ambako wapakuaji waliokuwa ndani ya kontena walikuwa wakilalamika kichwa na kizunguzungu kila alasiri, na msimamizi alikuwa na hakika ni joto. Mixa ilikuwa imefunguliwa gesi kupita kiasi ili mashine "iwe na nguvu". Tuliirekebisha kwa kipimo cha moshi, malalamiko yakaisha. Kwa hiyo: gesi ndani ya ghala ndiyo, ila milango iwe wazi, paa liwe juu, na injini ipimwe moshi kila sevisi. Ndani ya chumba cha baridi, hapana.

Kujaza. Hapa ndipo inapoipita ya betri. Unafunga valvu ya mtungi, unaiacha injini iungue gesi iliyobaki kwenye hozi mpaka izime yenyewe, unavaa glavu, unabadili mtungi. Dakika tano, mashine imerudi kazini. Mtungi wa kilo 15 kwa kazi ya wastani hukaribia kumaliza shifti. Tatizo ni upatikanaji. Mitungi inayozunguka mitaani, ya kilo 6, 15 na 38 Tanzania, au 6, 13 na 50 Kenya, ni ya kutoa mvuke. Haikufai, hata kama kilo zinalingana. Kuna wanaoupindua wa jikoni kichwa chini ili utoe kimiminika. Usiwe mmoja wao: kichwa kikiwa chini, valvu ya usalama imezama, na mtungi haukutengenezwa kubebwa juu ya mashine inayotikisika. Unahitaji msambazaji mwenye mitungi ya foklifti na anayeijaza kwa asilimia 80 ya ujazo, ile nafasi ya juu ikiachwa kwa ajili ya kutanuka kwenye jua letu.

Gharama. Foklifti ya tani 2.5 kwenye kazi ya wastani hula kilo 2 hadi 3 kwa saa. Usichukue namba yangu ukaifanyia bajeti. Pima mtungi kwenye mizani kabla na baada, soma mita ya saa, gawanya.

Matengenezo. Oili hukaa safi kwa muda mrefu kuliko kwenye dizeli, na plagi hazishiki masizi. Upande wa pili, gesi ni kavu, hivyo injini ya petroli iliyobadilishwa kienyeji huweza kula viti vya valvu. Mpira wa ndani ya regyuleta hukakamaa kwa umri, na mafundi wanaoijua regyuleta ni wachache ukitoka nje ya miji mikubwa.

Hatari. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inatambaa sakafuni na kutulia kwenye mitaro na mashimo ya gati la kupakulia. Imetiwa harufu ili uijue, basi ukiinusa iamini pua. Mitungi ya akiba ikae nje, kivulini, kwenye kizimba cha wavu, mbali na mtaro. Kimiminika kikikugusa ngozi huunguza kwa baridi.

Inamfaa mwenye ghala lenye hewa ya kutosha anayeingia na kutoka nje mara nyingi, shifti mbili au zaidi, na msambazaji wa kuaminika ndani ya mji huo huo.

Foklifti ya dizeli

Hii haihitaji utambulisho mrefu. Hakuna plagi ya kuwasha. Hewa hugandamizwa hadi iwe ya moto, dizeli hunyunyizwa na nozeli, inawaka yenyewe. Ina nguvu kubwa hata injini ikizunguka polepole, ndiyo sababu kwenye uwanja wa kontena wenye kokoto na mteremko huoni nyingi za aina nyingine, na kwa mizigo ya tani 5 kwenda juu ndiyo utakayoipata kwa urahisi zaidi.

Hewa. Nje, sawa. Ndani, hapana, na si suala la ukuta kuwa mweusi tu: mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Kama ghala lako ni la unga, kahawa, dawa au nguo, masizi yatawafikia wateja wako kabla ya ankara.

Kujaza. Dumu, faneli, basi. Hata Tunduma au Lodwar utaipata. Hilo tu limeziuza dizeli nyingi kuliko ubora wake.

Gharama. Lita 2.5 hadi 3.5 kwa saa kwa mashine ya ukubwa ule ule. Bei angalau inatabirika tarehe yake: EWURA, mamlaka ya nishati ya Tanzania, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, EPRA ya Kenya tarehe 14. Kumbuka pia kwamba dizeli hunyonywa. Si na injini. Na watu, kwa mpira, usiku. Mtungi wa gesi ukipotea unaonekana kwamba umepotea.

Matengenezo. Kila mtaa una fundi dizeli, na spea zipo hadi za kuchonga. Adui yake ni mafuta yaliyochakachuliwa na maji kwenye tangi. Pampu na nozeli hufa kwa hayo, na bei yake unaijua.

Hatari. Dizeli haiwaki kirahisi kama gesi wala haitoi mvuke wa kutambaa sakafuni. Hatari yake kuu ni ile ya polepole, ya mapafu, pamoja na kelele inayomfanya dereva asimsikie mtu anayepita nyuma.

Inamfaa mwenye uwanja wa nje, sakafu mbovu, mizigo mizito, au aliye mbali na msambazaji wa gesi na mbali na umeme wa kutegemea.

Foklifti ya betri

Betri, mota, na kompyuta ndogo inayozigawia umeme. Betri yenyewe ni sehemu ya uzito wa kusawazisha. Ya risasi na asidi kwa mashine ya ukubwa huu huwa tani nzima au zaidi. Ndiyo maana hupaswi kuirudishia betri nyepesi ya bei rahisi: foklifti inaweza kuinamia mzigo wake.

Hewa. Hakuna moshi. Vyumba vya baridi vya samaki Mwanza, maua yanayosubiri ndege Nairobi, dawa, chakula: hapa mjadala ni mfupi.

Kujaza. Betri ya risasi hufuata kanuni ya nane tatu: saa nane za kazi, nane za chaji, nane za kupoa. Shifti moja, safi kabisa. Shifti mbili, unahitaji betri ya pili na winchi au meza ya kuibadilishia. Tena isitumiwe ikapita asilimia 80 ya uwezo wake. Betri za lithiamu zimevunja kanuni hiyo. Unaichomeka wakati wa chai, wakati wa chakula, na inajaa kwa saa mbili tatu kukiwa na chaja yenye nguvu. Bei yake ya kuanzia ni nzito. Umeme ukikatika usiku wa chaji, asubuhi huna mashine, na kuchaji kwa jenereta ni kununua dizeli kwa njia ya mzunguko.

Gharama. Uniti 4 hadi 6 kwa saa ya kazi. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa, utaona kwa nini wahasibu wanaipenda. Kisha waonyeshe bei ya betri mpya. Betri ya risasi ikitunzwa hupewa mizunguko 1,500 hivi ya kuchaji, kama miaka mitano kwa shifti moja, na joto la pwani huipunguza: mafundi betri huhesabu kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri kwa nusu.

Matengenezo. Hakuna oili ya injini, plagi wala filta ya hewa. Kuna maji ya betri, ambayo yasipoongezwa kwa wiki kadhaa yanaua kitu cha bei ya gari dogo. Nikienda kukagua mtumba wa betri, jambo la kwanza ni kufungua vifuniko vya seli na kuchungulia. Kompyuta yake ikigoma, fundi wa mtaani hana la kufanya.

Hatari. Betri ya risasi ikichajiwa hutoa haidrojeni, hivyo chumba cha chaji kiwe na hewa na pasiwe na mtu anayewasha sigara. Asidi inataka miwani na maji ya kunawa karibu. Na ukimya wake: watu hawaisikii ikija.

Inamfaa mwenye sakafu laini, kazi ya ndani, shifti moja au fedha ya lithiamu, na umeme unaokaa.

Kwa hali yako

Unapakua kontena ndani ya ghala lenye milango mikubwa, mchana na usiku, na mzigo hupangwa pia nje kwenye uwanja wa lami: gesi inakustahili, mradi msambazaji akuhakikishie kwa maandishi mitungi ya kimiminika, mingapi, na saa za kuileta. Hana mitungi hiyo? Rudi kwenye dizeli kwa nje na betri kwa ndani, hata kama ni mashine mbili ndogo badala ya moja.

Ghala ni la ndani tupu, sakafu ya saruji laini, kazi inaisha saa kumi na moja jioni: betri ya risasi. Umeme ukikatika kwako mara kwa mara, panga chaji ianze mara tu kazi inapoisha, usisubiri usiku wa manane.

Uko kwenye mbao, vyuma, matofali, au uwanja ambao masika hugeuka tope: dizeli. Usiruhusu mtu akuuzie kitu kingine kwa sababu kinaonekana kisafi.

Una chumba cha baridi: betri. Mbali na moshi, gesi ya soko letu aghalabu ina butani, na butani huacha kuchemka kwenye nyuzi sifuri hivi, kwa hiyo kwenye baridi kali mtungi huishiwa presha ya kusukuma. Propani peke yake ingehimili, maana yenyewe huchemka hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Lakini moshi ungebaki.

Huna uhakika wa kazi, mkataba wako ni wa miezi sita: mashine ya gesi na petroli yenye swichi itakuvusha siku mtungi unapokosekana. Ila ikihamia petroli itoe nje. Moshi wa petroli ndani ya ghala haujawahi kuwa rafiki wa mtu.

Na bado umekwama kati ya mbili? Kodi moja kwa mwezi kabla ya kununua. Mpe dereva daftari, aandike saa za mita, kilo, lita au uniti, na kila dakika mashine iliyosimama pamoja na sababu yake. Dereva awe mwenye cheti cha mafunzo, na kama uko Tanzania, mashine iwe imekaguliwa na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, vinginevyo hizo dakika za kusimama utaziandikia barua. Mwisho wa mwezi niletee hilo daftari, usiniletee bei ya dalali.